Jinsi ya kuchambua mazingira ya nje ya kampuni kubwa ya mafuta, kwa mfano wa TotalEnergies na bomba la Hoima hadi Tanga

Mwongozo huu ni wa anayetakiwa kutoa jibu: mchambuzi wa benki anayepima mkopo, mkandarasi anayetaka zabuni, mwandishi wa habari za biashara, ofisa wa halmashauri ambayo bomba linapita, au mwanafunzi mwenye kazi ya kuwasilisha. Swali ni moja kwa wote. Kampuni hii imezungukwa na mambo gani isiyoyatawala, na mambo hayo yataifanyia nini?

Wengi huanza na jedwali la visanduku sita: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira, sheria. Kila kisanduku hujazwa vistari vinne au vitano na kazi huhesabiwa imekwisha. Jedwali hilo husaidia kukumbuka, lakini halipimi chochote. Linaipa bei ya mafuta ghafi nafasi sawa na mabadiliko ya sheria za ajira, ilhali la kwanza linaweza kufuta faida ya mwaka mzima na la pili lisisikike kabisa kwenye hesabu. Utaratibu ulio hapa chini unaanzia kwenye pesa, kisha unarudi nyuma kutafuta kilichozigusa.

Hatua ya 1: Bana swali kabla ya kukusanya chochote

Amua mambo matatu na uyaandike juu ya ukurasa wa kwanza.

Kwanza, ni kampuni ya namna gani. ExxonMobil, Chevron, Shell, BP na TotalEnergies zina wanahisa wanaotaka gawio kila robo mwaka. Saudi Aramco na CNOOC ya China ziko chini ya serikali zao, na serikali hizo zina malengo mengine zaidi ya faida. Tukio lile lile huzifanya zichukue hatua tofauti.

Pili, ni mkondo upi. Mkondo wa juu ni utafutaji na uchimbaji, wa kati ni mabomba na hifadhi, wa chini ni usafishaji na uuzaji. Bei ya mafuta ghafi ikipanda, mkondo wa juu hushangilia, na kiwanda cha kusafisha kinaweza kubanwa kwa sababu malighafi yake imepanda. Ukiichambua kampuni kama kitu kimoja utafuta kwa mkono wa kushoto ulichoandika kwa kulia.

Tatu, muda. Chagua mmoja kati ya miezi 12, miaka 5, au maisha yote ya mradi, ambayo kwa mafuta mara nyingi ni miaka 20 au zaidi. Magari ya umeme hayana uzito mkubwa katika miezi 12 na yana uzito mkubwa sana katika miaka 20.

Hapa tunachukua TotalEnergies, mkondo wa juu na wa kati, katika mradi wa Ziwa Albert nchini Uganda na bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, linaloitwa EACOP, kwa maisha yote ya mradi. Kwenye visima, TotalEnergies ina asilimia 56.67, CNOOC 28.33 na kampuni ya taifa ya Uganda, UNOC, 15. Kwenye bomba, TotalEnergies ina 62, UNOC na TPDC ya Tanzania 15 kila moja, na CNOOC 8. Hisa hizi ziandike mapema, kwa sababu kila hesabu itakayofuata huzidishwa nazo.

Hatua ya 2: Kusanya nyaraka tano

1. Taarifa ya mwaka iliyowasilishwa kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. ExxonMobil na Chevron hujaza fomu 10-K, ambapo vihatarishi viko kipengele 1A. Kampuni za nje zilizoorodheshwa huko, kama Shell na BP, hutumia fomu 20-F, na vihatarishi viko kipengele 3D. Chukua za miaka miwili na uzisome sambamba. Lugha ya sura hiyo huandaliwa na wanasheria na kila mwaka hufanana, kwa hiyo chenye thamani ni kilichoongezwa, kilichoondolewa, au kilichosogezwa juu.

2. Jedwali la kampuni lenyewe linaloonyesha faida inabadilika kiasi gani bei, thamani ya dola au faida ya usafishaji ikibadilika. TotalEnergies hulichapisha pamoja na matokeo yake. Katika miaka ya karibuni limeonyesha kuwa Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake hutumika kama kigezo duniani, ikipanda au kushuka dola 10 kwa pipa, faida ya uendeshaji ya kundi zima husogea kwa kati ya dola bilioni 2 na 3 kwa mwaka. Usiruke jedwali hili, maana linaokoa siku nyingi za kukisia.

3. Taarifa za soko: ya kila mwezi ya OPEC (umoja wa nchi zinazouza mafuta), ya kila mwezi ya Shirika la Kimataifa la Nishati, na ya kila wiki ya Marekani kuhusu akiba ya mafuta, ambayo kwa kawaida hutoka Jumatano.

4. Nyaraka za nchi mwenyeji: sheria ya petroli, mkataba wa kugawana uzalishaji kama umewekwa wazi, na taarifa za mpango wa uwazi katika rasilimali, ambao Tanzania na Uganda ni wanachama.

5. Tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Ni ndefu, lakini sura za ardhi, maji na malalamiko ndizo zinazokuonyesha mradi unaweza kukwama wapi.

Hatua ya 3: Kila tukio lipitishe kwenye mistari sita

Kampuni ya mafuta huguswa na dunia ya nje kupitia mistari sita: bei inayopata kwa pipa, kiasi cha mapipa, gharama ya kuyatoa na kuyafikisha sokoni, mgawo wa serikali, ruhusa ya kuendelea kufanya kazi, na muda. Tukio lisilogusa hata mmoja ni habari tu, liache nje ya taarifa. Linalogusa zaidi ya mmoja lianze kufanyiwa kazi leo.

Kwa kila tukio andika majibu manne: linagusa mstari gani, kwa dola ngapi kwa pipa au kwa mwaka, litaanza lini, na nani ana uwezo wa kulipunguza. Jibu la nne husahaulika sana, ingawa ndilo linalotenganisha tatizo la kujadiliana na tatizo la kuvumilia.

Hatua ya 4: Bei, na hasa bei ya kisimani

Dunia hutumia zaidi ya mapipa milioni 100 kwa siku, kila pipa lita 159. Hakuna kampuni ya wanahisa inayoweza kuipanga bei. OPEC na washirika wake, Urusi ikiwamo, hujaribu kwa kupunguza au kuongeza uzalishaji, na hata wao hawafanikiwi kila mara. Brent ilikuwa karibu dola 115 kwa pipa Juni 2014 na ilishuka chini ya 30 Januari 2016, baada ya Marekani kuongeza uzalishaji kwa kupasua miamba migumu na OPEC kukataa kuachia soko. Tarehe 20 Aprili 2020, katikati ya korona, mkataba wa mafuta ya Marekani wa WTI ulifungwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri, kwa sababu matangi yalikuwa yanajaa na waliokuwa na mikataba walilazimika kulipa ili waondolewe mzigo. Mwezi huo huo OPEC+ ilikubaliana kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku. Kisha Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Brent ilivuka dola 130.

Kwa hiyo usiandike bei moja. Andika tatu: ya chini ambayo mradi ukiikuta unaanza kukwama, ya kati unayoamini, na ya juu. Mikutano ya OPEC+ na akiba ya Marekani husogeza bei ya wiki. Bei ya miaka kumi husogezwa na uwekezaji uliofanyika au kuachwa miaka mitano iliyotangulia.

Sasa iteremshe bei hadi kisimani. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mchambuzi huchukua Brent na kuizidisha kwa mapipa moja kwa moja. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo bomba lenye kipenyo cha inchi 24 lazima lipashwe joto na kukaa nyuzi 50 au zaidi kwa kilomita 1,443, ambazo 296 ziko Uganda na 1,147 Tanzania, hadi Chongoleani, Tanga. Ushuru wa kusafirisha uliokubaliwa ni dola 12.77 kwa pipa. Hesabu inakuwa hivi:

- Brent dola 60, toa ushuru wa bomba 12.77: inabaki 47.23.
- Brent dola 50, toa 12.77: inabaki 37.23.

Brent imeshuka asilimia 16.7, lakini kilichobaki kisimani kimeshuka asilimia 21. Ushuru haushuki na soko, kwa hiyo mafuta ya mbali na bahari huumia zaidi bei ikianguka. Bado hujatoa punguzo la ubora ambalo mnunuzi atalidai kwa sababu ya nta, wala gharama ya uchimbaji, wala mrabaha. Ukimaliza kutoa, kumbuka tena ule mgawanyo wa hisa: sehemu ya ushuru humrudia TotalEnergies kama mmiliki wa asilimia 62 ya bomba, baada ya gharama za uendeshaji na marejesho ya mikopo. Mchambuzi anayesahau hilo huuona mradi mbaya kuliko ulivyo kwa TotalEnergies. Anayelikumbuka ataelewa pia kwa nini mshirika mwenye hisa ndogo kwenye bomba anaweza kuutazama ushuru ule ule kwa jicho tofauti.

Kiasi nacho kikague hapa hapa. Visima vya Tilenga vimepangiwa mapipa 190,000 kwa siku na vya Kingfisher 40,000. Bomba limepangiwa mapipa 216,000, na Uganda inakusudia kuwa na kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku kutoka visima hivyo hivyo. Jumlisha mwenyewe uone ni wapi patakuwa na mvutano.

Hatua ya 5: Serikali tatu, si moja

Andika majina ya serikali zote zinazoweza kubadilisha mstari wa mgawo au wa ruhusa. Kwa mradi wetu ni tatu: mwenyeji wa visima, mwenyeji wa njia, na nyumbani kwa kampuni.

Mwenyeji wa visima, Uganda. Mfano wa kujifunzia ni Tullow, kampuni ya mafuta iliyokuwa na hisa kwenye visima hivyo. Januari 2017 ilikubali kuiuzia Total (jina la TotalEnergies hadi 2021) sehemu kubwa ya hisa zake kwa dola milioni 900. Mazungumzo na serikali kuhusu kodi ya faida ya mauzo hayo hayakufikia mwisho, na Agosti 2019 mpango ukavunjika. Aprili 2020, bei ya mafuta ikiwa imeporomoka, Tullow iliiuzia Total hisa zake zote kwa dola milioni 575. Hisa zaidi kwa pesa kidogo zaidi. Kodi ilikuwa chanzo, lakini muda ndio uliokula thamani, na ndiyo maana mstari wa sita una nafasi yake pekee.

Mwenyeji wa njia, Tanzania. Uganda ilichagua njia ya Tanga Aprili 2016 badala ya kupitia Lokichar na Lamu. Soma mkataba kati ya serikali na mradi kwa kutafuta vifungu vitatu: kama kodi imefungwa isibadilike, mgogoro unaamuliwa wapi, na nani analipa bomba likisimamishwa. Soma pamoja na sheria za 2017 za Tanzania kuhusu umiliki wa kudumu wa maliasili na Bunge kupitia upya masharti hasi ya mikataba, kwa sababu zilibadilisha namna wawekezaji wanavyopima kifungu cha usuluhishi.

Nyumbani, Ufaransa. Sheria ya 2017 inayozitaka kampuni kubwa kuwa na mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira, hata nje ya nchi, ilitumika kuishitaki Total mwaka 2019 kuhusu mradi huu wa Uganda. Mahakama ya Paris ilikataa kesi hiyo Februari 2023 kwa sababu za utaratibu, na mwaka huo huo kesi nyingine ya kudai fidia ikafunguliwa. Hata kesi iliyoshindwa ina gharama, maana benki huzisoma nyaraka zake.

Usidhani nchi tajiri ni tulivu. Uingereza ilianzisha kodi ya faida ya ghafla Mei 2022, ikaipandisha kwa awamu mbili, na tangu Novemba 2024 jumla ya kodi kwenye faida ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini imekuwa asilimia 78. Na vita vikiingia, sahihi zote husimama: Februari 2022 BP ilitangaza kuachana na hisa zake za asilimia 19.75 katika Rosneft ya Urusi, na hasara iliyoandikwa ilikuwa takriban dola bilioni 24.

Hatua ya 6: Watu wanaoishi juu ya mafuta na kando ya bomba

Ruhusa ya karatasi inatoka wizarani, na ruhusa ya kufanya kazi inatoka kijijini. Juni 2018 wakazi wa Turkana walizuia malori ya mafuta ghafi ya Kenya wakidai usalama, ajira na mgao wao, na usafirishaji ukasimama kwa wiki kadhaa. Mwaka uliofuata sheria ya petroli ya Kenya iliweka mgawanyo wa mapato ya serikali: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya eneo. Andika mistari iliyoguswa: kiasi mara moja, kisha mgawo.

Kwa bomba, kagua fidia kabla ya kitu kingine chochote. Tafuta tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali, tarehe malipo yalipotoka, na urefu wa kipindi kilicho katikati. Katika kipindi hicho mwenye shamba huzuiwa kupanda mazao ya kudumu kama migomba na kahawa, huku bei za ardhi jirani zikipanda. Pengo likizidi mwaka, ile fidia haitoshi tena kununua shamba la ukubwa ule ule, na hapo ndipo malalamiko ya haki kabisa yanapozaliwa. Mchambuzi anayehesabu tu asilimia ya waliosaini atasema mambo ni shwari. Uliza pia wangapi wamelipwa, lini, na kwa bei za mwaka upi.

Hatua ya 7: Wenye pesa

Orodhesha nani anakopesha, nani anawekea bima, na nani ana kura kwenye mkutano wa wanahisa. Benki kubwa za Ufaransa kama BNP Paribas, Société Générale na Crédit Agricole zilijitenga na EACOP. Wamiliki walilazimika kutumia mtaji wao zaidi, na sehemu ya kwanza ya mkopo wa nje ilipotangazwa Machi 2025 majina yalikuwa ya Afreximbank, Standard Bank, Stanbic Uganda, KCB Uganda na taasisi ya Kiislamu ya kuendeleza sekta binafsi, ICD. Kwa taarifa yako hilo ni mstari wa gharama na wa muda: mtaji wa wanahisa ni ghali kuliko mkopo.

Upande wa kura, shinikizo huja pande zote mbili. Mei 2021 mfuko wa Engine No. 1, wenye takriban asilimia 0.02 tu ya hisa za ExxonMobil, ulifanikiwa kuingiza wakurugenzi watatu ukidai kampuni ijiandae kwa nishati mpya. BP ilipita njia ya kinyume: 2020 iliahidi kupunguza uzalishaji kwa asilimia 40 ifikapo 2030, 2023 ikashusha lengo hadi 25, na Februari 2025 ikaliacha huku mwanahisa Elliott akiibana iongeze faida. Mkakati uliotangazwa kwa sherehe usiuchukue kama jambo lisilobadilika.

Hatua ya 8: Mahitaji ya kesho, bidhaa moja moja

Usiandike "mahitaji yatashuka". Gawanya pipa. Petroli huguswa kwanza na magari ya umeme, ambayo mwaka 2024 yaliuzwa zaidi ya milioni 17 duniani, China ikiongoza. Hata Ethiopia ilizuia mwaka huo kuingiza magari ya petroli na dizeli. Dizeli ya malori, mafuta ya ndege na malighafi za plastiki zitachelewa zaidi kupata mbadala.

Kwa mradi, ugeuze mjadala huu kuwa hesabu ya muda. Dola bilioni 1 inayopatikana miaka mitatu baadaye, kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10 (yaani jinsi pesa ya baadaye inavyopunguziwa thamani kila mwaka), ina thamani ya dola milioni 751 leo. Mafuta ya Uganda yaligunduliwa 2006 na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitolewa Februari 2022. Mapipa ambayo yangeuzwa kabla magari ya umeme hayajaenea yatauzwa baada ya hapo.

Hatua ya 9: Ajali na usalama

Haya ni matukio ya nadra yenye gharama zisizo na mpaka, kwa hiyo usiyazidishe kwa uwezekano mdogo kisha ukayasahau. Mlipuko wa Deepwater Horizon wa Aprili 2010 uliua wafanyakazi 11 na umeigharimu BP zaidi ya dola bilioni 65. Shambulio la Palma, Msumbiji, Machi 2021 liliifanya TotalEnergies itangaze hali isiyoweza kuzuilika (kwamba haiwezi kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake) mwezi uliofuata kwenye mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20, na kazi zikasimama kwa miaka. Uliza swali moja: tukio hili likitokea, kampuni inabaki na pesa za kuendelea na miradi mingine?

Hatua ya 10: Unganisha matukio, kisha weka tarehe za kurudi

Kosa la mwisho ni kuyachukulia mambo haya kama hayajuani. Bei ikipanda, serikali huleta kodi mpya, wakandarasi hupandisha viwango vyao, na wanunuzi wa magari huangalia umeme. Bei ikishuka, serikali hulegeza masharti na mitambo ya kuchimbia hukodishwa kwa nafuu, lakini benki hukaza na wanahisa hudai miradi iahirishwe. Jenga hali tatu zenye mchanganyiko wa namna hii, si moja ya mazuri matupu na nyingine ya mabaya matupu. Katika bei ya dola 50, kwa mfano, andika pamoja 37.23 ya kisimani, mkopo kuchelewa na gharama za uchimbaji kushuka, kisha uone kama mradi bado unasimama.

Mwishoni mwa taarifa weka jedwali dogo la vitu vitakavyokulazimisha kuifungua tena: Brent ikikaa chini ya bei yako ya chini kwa robo mwaka mzima, hukumu ya mahakama ya Paris, muswada wa kodi bungeni Kampala au Dodoma, tangazo la mkopo mpya, kusimama kwa kazi kutokana na mgogoro wa ardhi, na kila tarehe ya matokeo ya robo mwaka ya kampuni. Mbele ya kila kimoja andika mstari utakaoguswa na jina la atakayefanya hesabu upya.